Mbunge Akikutembelea, Mpe Jembe



Wazee walituachia neno hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakulisema kwa kumchukia mgeni. Walijua kwamba mtu akilala kwako na kula bugali yako, ni vizuri aone pia shamba lako liko namna gani, tena aguse udongo wake kwa mkono.

Kuko mgeni mmoja ambaye tunamsahau kumpa jembe. Ni mbunge, yule tunayemwita depite. Katiba yetu ya mwaka 2006 imepanga kazi yake kwa tarehe. Sesyo ya kwanza ya Bunge inafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tatu na kufungwa tarehe 15 mwezi wa sita. Ya pili inafunguliwa tarehe 15 mwezi wa kenda na kufungwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili. Katikati ya sesyo hizo, mbunge anapata nafasi ya kurudi kwa raia. Na mara nyingi tunaona nini? Gari zinafika na vumbi. Muziki unapigwa. Chumvi na sabuni zinagawanywa, vijana wanavaa tisheti mpya, hotuba inasemwa, picha zinapigwa. Kesho yake gari zimekwisha kwenda. Mgeni alikaa siku mbili, jembe halikuonekana.

Leo tunataka kufanya safari ya mawazo pamoja na ninyi, papa, mama na vijana. Tumchukue mbunge yeyote, mwanaume au mwanamke, tumtembeze juma moja kutoka Sake mpaka Walikale. Hatusemi kwamba fulani aliifanya safari hii. Vita imekata njia hii mara nyingi. Lakini mahali tutakapopita ni mahali pa kweli, na mambo tutakayomwonyesha ni ya kweli. Kila siku tutamwonyesha jambo moja, na tutatafuta kazi gani sheria inamruhusu kufanya juu ya jambo hilo.

KAZI YAKE NI GANI?

Mtoto akiuliza nyumbani, "Papa, depite anafanya kazi gani kule Kinshasa?", wengi wetu tunajibu, "Anatutafutia barabara." Jibu hilo si kamili. Mbunge hana katapila, wala hana sanduku la kulipa waalimu. Kifungu cha 100 cha Katiba kinasema Bunge linatunga sheria na kuchunguza kazi ya serikali na ya kampuni za serikali. Kifungu cha 138 kinataja vyombo vyake: kumuuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi, kumwita ajieleze mbele ya wote, kusikiliza watu katika komisyo, na kuunda komisyo ya uchunguzi.

Basi barabara inafanywa na serikali. Mbunge ndiye anayepaswa kuuliza: katika bajeti mliandika franka ngapi kwa barabara hii, ngapi zilitoka, na ziko wapi? Akinyamaza, hakuna mwingine mwenye nguvu ya kuuliza vile. Ndiyo sababu mfuko wa chumvi hautoshi.

SIKU YA KWANZA: SAKE

Tunaanzia Sake, pale njia ya Goma inapogawanyika. Moja inapanda milima ya Masisi, nyingine inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Watu wa Masisi wamepita hapa mara ngapi na magodoro kichwani? Walipita miaka ya 1990, wakapita tena katika vita vya CNDP, wakapita tena katika vita vya M23. Wengi walijenga vibanda Mugunga, Bulengo na Lushagala pembeni ya Goma. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi hata kule. M23 ilipokamata Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mwezi uliofuata kambi zile zikavunjwa, na watu wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao nyumba zao hazikuwako tena.

Hapa mbunge aone jambo la kwanza: watu waliopoteza sauti. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 Kongo ilipiga kura. Walikale ilipiga. Masisi na Rutshuru hazikupiga, juu ya vita. Mama wa Masisi aliyelala chini ya sheeting siku ile hakuwa na karatasi ya kutia katika sanduku. Mtu ambaye hakutia kura hawezi kumwambia mwingine, "Mimi nilikutuma."

Kuko na mlango mwingine uliofungwa. Tangu mwezi wa tano 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule tunaouita eta de sieje. Gavana akawa mwanajeshi, na kazi ya Bunge la jimbo ikasimamishwa. Lakini Katiba, katika kifungu cha 144, inasema utawala wa namna hiyo unakwisha kisha siku 30, isipokuwa Bunge la taifa likubali kuuongeza siku 15, tena 15. Maana yake kila siku 15 wabunge waliulizwa: tuendelee? Mwaka ule ule wa 2021 Komisyo ya Ulinzi na Usalama ya Bunge iliutazama utawala huo na kutoa ripoti. Katika komisyo hiyo alikuwamo Juvénal Munubo, aliyechaguliwa na Walikale mwaka 2011 na tena 2018. Mnaona kwamba kura ya Kinshasa inafika mpaka kwenye korti na kwenye bariyeri ya kijiji.

Je, Masisi inyamaze? Hapana. Kifungu cha 101 kinasema kila mbunge wa taifa anasimama kwa ajili ya taifa lote, si kwa ajili ya kabila lake wala teritware yake tu. Kwa hiyo mbunge wa Walikale, wa Goma, au wa Bandundu anaweza kuuliza swali la Masisi. Tena kifungu cha 27 kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa wa nchi ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na wakubwa wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Shikeni vizuri kifungu hicho. Tutakirudia siku ya yenga.

SIKU YA PILI: RUBAYA

Tunapanda Mushaki, ng'ombe wanakula majani kwenye vilima, halafu tunafika Rubaya. Hapa kilima kimetobolewa kama kitambaa kilicholiwa na mende. Vijana wanachimba koltani kwa sururu na pau, wanaisafisha kwa maji, wanaibeba mgongoni. Inasemwa kwamba karibu 15 kwa mia ya tantali ya dunia inatoka katika vilima hivi. Tantali ndiyo inayosaidia simu na ordinatere kushika umeme ndani yake. Lakini nyumba nyingi za wale wanaoitoa ziko bila umeme, na wakati wa mvua udongo umekwisha kuzika watoto wa watu wengi.

Miaka mingi kilima hiki kilikuwa na ugomvi wa pande mbili. Kampuni ilikuwa na karatasi ya serikali. Ndiyo MHI, ambayo baadaye iliitwa SMB. Wachimbaji walikuwa na kooperative yao, COOPERAMMA. Mwenye kampuni, Édouard Mwangachuchu, alikuwa mbunge wa taifa wa Masisi. Kiongozi wa kooperative, Robert Seninga, alikuwa mbunge wa jimbo, na mwaka 2019 akawa mkubwa wa Bunge la jimbo. Mwaka 2013 pande hizo zilipatana kwa maandishi, lakini ugomvi haukuisha. Katika mwezi wa kumi 2023 Korti Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Bwana Mwangachuchu kwa kosa la uhaini, kosa ambalo yeye alilikana. Tarehe 30 mwezi wa ine 2024 M23 ikakamata Rubaya. Mwisho wa mwaka ule wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kikundi hicho kilikuwa kinapata hapo karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi biashara ya koltani.

Hatuleti mambo haya kwa kumhukumu mtu. Lakini kijana anayejifunza kuchagua ajiulize: mtu tunayemtuma kusimamia mali ya udongo akiwa naye iko na mkono ndani ya shimo, upande mmoja au upande mwingine, nani atasimama katikati kwa ajili ya mchimbaji asiye na kitu?

Kuko pia wabunge wa mbali wanaotugusa. Katika mwezi wa saba 2010 Marekani iliweka sheria inayoitwa Dodd-Frank. Sehemu yake moja inazilazimisha kampuni kubwa kuchunguza kama bati, tantali, wolframu na zahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani wake, na kama zinasaidia vikundi vya silaha. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wanunuzi wengi waliogopa, wakaacha kununua kwetu, na chungu cha mchimbaji kikapoa kabla mtu hajaja kumweleza sababu. Sheria ilipita Washington, njaa ikafika Masisi.

Jembe la Rubaya ni hili. Sheria ya migodi inasema serikali inaweza kutenga eneo kwa wachimbaji wadogo, nao waingie katika kooperative inayokubaliwa. Mbunge aulize waziri wa migodi kwa maandishi: katika Masisi maeneo hayo ni mangapi, yako wapi, na kijana asiye na eneo achimbe wapi bila kuitwa mwizi?

SIKU YA TATU: MASISI-CENTRE

Leo tunazungumza juu ya udongo na juu ya jina. Ni mambo mazito, tuyaseme polepole.

Masisi iko na kilometa mraba 4,734. Tangu mwaka 1937 mpaka 1955 Wabelgiji walileta hapa jamaa nyingi kutoka Rwanda kufanya kazi katika mashamba yao. Wenye udongo, Wahunde, hawakuulizwa. Kisha uhuru, Bunge la Kinshasa likaanza kusema ni nani mwana wa nchi. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wote pamoja wale waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaondoa ile ya 1972. Mtu alilala akiwa raia, akaamka akiulizwa babu yake alizaliwa wapi. Katika mwezi wa tatu 1993 moto uliwaka kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, ukapanda mpaka Masisi, na maelfu ya watu wakafa: Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi. Tarehe 28 mwezi wa ine 1995 Bunge la wakati ule likaweka azimio jipya juu ya uraia, na hofu ikaongezeka. Sheria tunayoijua sasa ni ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004.

Si sheria peke yake iliyoua. Watu ndio walioua, na kila mtu atajibu kwa mikono yake. Lakini tusiseme tena kwamba mambo ya Bunge ni ya watu wa koti na karavati tu.

Juu ya udongo, sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Halafu, katika kifungu cha 389, ikasema kwamba haki za watu juu ya udongo wa desturi zitapangwa na amri ya Rais. Miaka ikapita, kumi, ishirini, thelathini na zaidi, amri ile haikuletwa. Ndani ya miaka hiyo wenye pesa na wenye cheo walipata karatasi za mashamba makubwa ya ng'ombe, na mlimaji aliyepewa udongo na mwami akajikuta analima kwa mtu. Vita vingi vya Masisi viko na mzizi katika shimo hilo la sheria.

Jembe la siku ya tatu: mbunge aitwe akae chini pamoja na bami, walimaji na wafugaji, wa makabila yote katika nyumba moja. Aulizwe neno moja: haki ya mlimaji juu ya udongo wa desturi inaandikwa wapi, na wewe utafanya nini ili iwe na karatasi? Asiwaambie hawa neno moja na wale neno lingine. Mbunge mwenye midomo miwili ni hatari kuliko asiyefika kabisa.

SIKU YA INE: NJIA YA KIBUA NA MPOFI

Tunapita Nyabiondo na Kashebere, tunaingia Walikale. Msitu unafunga pande zote. Tunasimama Luvungi.

Wazazi, sehemu hii muwasomee watoto wakubwa ninyi wenyewe. Toka tarehe 30 mwezi wa saba mpaka tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu wa silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine vya njia hii. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 303 waliotendewa ubakaji katika vijiji 13. Wengi walikuwa wanawake, lakini walikuwamo pia wanaume na watoto.

Mmoja wa wakubwa wa vikundi vile aliitwa Ntabo Ntaberi Sheka. Katika mwezi wa kwanza 2011 korti ya kijeshi ilitoa amri ya kumkamata. Na mwisho wa mwaka ule ule, katika uchaguzi wa tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, Sheka alisimama kuomba kura katika Walikale, apate kuwa mbunge! Anatafutwa na korti, na jina lake liko kwenye orodha ya wagombea. Raia hawakumpa kiti. Ilipita miaka mingine sita ndipo akajitoa mikononi mwa MONUSCO, mwezi wa saba 2017. Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2020, katika Goma, korti ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, wale waliotia kura Walikale mwaka 2011 hawakuwa na bunduki, lakini walikuwa na akili. La pili, haki ilifika, ingawa ilichelewa miaka kumi, na ilifika kwa sababu kuko watu waliokubali kusimama mbele ya korti na kusema yaliyowapata. Vijana, msiwacheke watu hao. Wamama hao na wababa hao walifanya kazi ambayo wanasiasa wengi waliogopa.

Jembe la hapa: mbunge asilete hotuba. Anyamaze, asikilize. Kisha akiwa Kinshasa amwulize waziri wa haki na wa afya: walioumizwa katika njia hii walipata matunzo gani, na fidia iliyotajwa na korti imelipwa au bado?

SIKU YA TANO: MUBI NA BISIE

Walikale ni kubwa: kilometa mraba 23,475, mara tano karibu ya Masisi. Iko na sekta mbili tu, Bakano na Wanianga. Ndani ya Wanianga kuko Bisie.

Wazee wa kazi wanakumbuka mwanzo, mwaka 2002. Bati lilionekana ndani ya msitu, na watu wakakimbilia kule kama nzige. Mzigo wa kilo 50 mgongoni, siku mbili za kutembea katika matope mpaka Njingala, bariyeri baada ya bariyeri, kila askari na mkono wazi. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami Kilambo, zikapeleka mali Goma. Mwezi wa kenda 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo liliondolewa mwezi wa tatu 2011. Ndani ya miezi ile watoto wengi walirudishwa nyumbani kwa kukosa minervale.

Baadaye ikaja kampuni ya Alphamin na mashine. Ilianza kutoa bati mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia. Mwezi wa tatu 2025, M23 ilipokaribia, ilisimamisha kazi. Tarehe 19 mwezi ule M23 iliingia Walikale-centre, ikatoka mwanzo wa mwezi wa ine, na kampuni ikarudi kazini.

Sasa, jamaa, chukueni kalamu. Sheria ya migodi iliyogeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema kampuni inalipa kodi ya mali ya udongo, inayoitwa redevansi. Kifungu cha 242 kinaigawa hivi. Kwa kila dola 100 za redevansi:

Dola 50 ni za serikali ya Kinshasa.
Dola 25 ni za jimbo.
Dola 15 ni za muji, sekta au sheferi ambamo mgodi uko.
Dola 10 zinawekwa akiba kwa watoto watakaozaliwa, siku mali itakapokwisha.

Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya raia wa pale. Kwa mauzo ya dola 1,000,000, hiyo ni dola 3,000. Juu ya hayo inapaswa kupatana na raia kwa maandishi ni shule gani, maji gani, barabara gani itawafanyia.

Ona vizuri: zile dola 15 haziendi kwa teritware, haziendi kwa mbunge, hazipiti mfukoni mwa mtu. Ni za sekta. Basi mtu wa Wanianga iko na haki ya kuuliza: mwaka jana zilikuwa ngapi? Ziliingia tarehe gani? Zilifanya nini? Kuuliza si kutukana. Hata mama anayetuma mtoto sokoni na franka anamwuliza iliyobaki.

Wala msiseme Bunge haliwezi. Katika miaka ya 2004 na 2005 komisyo ya Bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilichunguza mikataba ya migodi na ya mali nyingine iliyotiwa sahihi wakati wa vita. Iliandika ripoti, ikataja majina, wakati nchi ilikuwa bado na majeraha mabichi. Wabunge wakitaka, wanaweza.

SIKU YA POSHO: SOKONI NA SHULENI

Posho ni siku ya soko. Tumpeleke mbunge kwa miguu, bila gari. Aulize bei ya chumvi, ya mafuta, ya makayabo. Aulize mwenye pikipiki juu ya nini sabuni inaongezeka bei mara mbili kabla ya kufika Walikale. Atajibiwa: barabara, na bariyeri. Aziandike bariyeri zote, moja moja, na kiasi kinacholipwa.

Kisha apite shuleni. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ni ya lazima, tena ya bure katika shule za serikali. Mwezi wa kenda 2019 jambo hilo lilianza kufanywa. Watoto walijaa madarasani, na wazazi walishukuru. Lakini mbunge aulize kila mwalimu: jina lako liko kwenye orodha ya mshahara au bado? Maana mwalimu asiyelipwa atakwenda shimoni, na siku mwalimu atakwenda, wanafunzi watamfuata.

Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamlinda mtoto na kazi mbaya. Sheria ya migodi nayo haimpi mtoto karta ya kuchimba. Wazazi, hapa jembe linatugeukia sisi pia. Tukimwonyesha mbunge mtoto wa miaka kumi anayebeba mchanga, atatuuliza: ni mtoto wa nani? Tujibu nini?

SIKU YA YENGA: KARATASI MOJA

Juma limekwisha. Watu wametoka kuabudu, wamekaa chini ya mti. Mbunge anasimama kuaga. Ndiyo saa ya kumpa jembe.

Jembe hilo ni karatasi. Mashirika na vikundi vya vijana waiandike mapema, si siku ile. Isiwe na mambo ishirini. Mawili au matatu yanatosha. Kila jambo liwe na mahali, hesabu na swali moja. Kwa mfano:

"Mheshimiwa, sisi raia wa sekta ya Wanianga tunakuomba umwulize waziri kwa maandishi: redevansi iliyolipwa sekta yetu mwaka jana ilikuwa dola ngapi, ililipwa tarehe gani, na ni kazi gani ilifanywa nayo? Utuletee jibu katika likizo ijayo ya Bunge."

Majina yaandikwe chini, wanawake na wanaume. Zifanywe kopi tatu: moja ya mbunge, moja ya sekta, moja ibaki katika sanduku la shirika. Tarehe iandikwe. Akirudi, karatasi inatolewa, inasomwa mbele ya wote. Alijibu? Tumshukuru. Hakujibu? Tumwulize tena, bila matusi, bila mawe. Siku ya kura tutakumbuka.

Na ninyi wa Masisi, mliopo mahali ambapo gari la mbunge halifiki, andikeni pia, pale ambapo kuandika hakuhatarishi maisha ya mtu. Kifungu cha 27 ni chenu, na miezi mitatu ni yenu. Mpelekee mbunge yeyote aliye na masikio, maana kila mmoja wao anasimama kwa ajili ya nchi nzima. Mtu aliyekimbia na godoro kichwani anaweza kukosa nyumba, shamba na karta ya uchaguzi. Asikose swali lake.

Chumvi tuliyopewa itakwisha katika juma mbili. Karatasi ikiwekwa vizuri haikwishi.

TUULIZANE NYUMBANI

1. Mbunge wa mwisho aliyefika kwetu, tulimpa nini: nyimbo, mbuzi, au swali?
2. Sekta au sheferi yetu ni ipi? Je, tunajua hesabu ya franka zake?
3. Vijana: tukiambiwa tutaje jambo moja tu la kumpelekea, lingekuwa lipi? Na ni nani kati yetu mwenye mwandiko mzuri wa kuliandika juma hili?